Ndoa ya Makaratasi: Ukaazi na Uraia kwa Njia ya Ndoa, Sharia Inasemaje?

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Dada mmoja mwenye asili ya Unguja anayeishi Uingereza ametuletea swali. Nimelifupisha na kubadilisha baadhi ya mambo ili asijulikane. Yeye ni raia wa huko. Miaka sita iliyopita aliombwa na jamaa wa nyumbani amsaidie kupata makaratasi. Wakakubaliana malipo, na wakakubaliana kwamba hakuna kukaa pamoja wala kuingiliana. Kwa kuwa mama yake hakutaka binti yake "aandikwe na mwanamme bure bure", wakaitwa watu sebuleni: ami yake akamuozesha (baba yake ameshafariki na hana kaka wala babu), mashahidi wawili wakakaa, mahari ikatajwa, bwana akasema nimekubali. Baadae wakaenda kujiandikisha serikalini. Yule bwana amepata ukaazi wake na amehamia mji mwengine. Mwaka jana dada aliomba talaka ya mahakama kwa njia ya mtandao, bwana akajibu kwamba hapingi, na hati ikatoka. Sasa amekuja mposaji wa kweli, na harusi inapangwa. Mama anasema: ile haikuwa ndoa, ilikuwa makaratasi. Dada anauliza: mimi ni mke wa mtu au si mke wa mtu?

Jawabu kwa ufupi: dada yetu, nikahi yako ilisihi. Ulikuwa mke wa yule bwana tangu siku ile sebuleni, na usiolewe na mwengine mpaka upatikane uhakika wa talaka ya kisharia, kwa namna tutakayoieleza. Jawabu kwa urefu ndiyo makala hii, kwa sababu swali hili haliko peke yake.

Nikahi haina mchezo

Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ametaja mambo matatu ambayo mtu akiyafanya kwa kweli ni kweli, na akiyafanya kwa mzaha ni kweli vile vile: nikahi, talaka na kurejea mke. Wanazuoni wamejenga juu ya hadithi hii hukmu kubwa. Anayetamka maneno ya kuozesha, na anayetamka maneno ya kukubali, mbele ya walii na mashahidi wawili waadilifu, hawezi kesho kusema, "sikuwa nakusudia". Maneno yake yamempita.

Watu wetu wengi wamezoea kudhani kwamba kitu kinachofanywa kwa ajili ya serikali ya makafiri hakihesabiki mbele ya Mwenyezi Mungu. Hili ni kosa, tena linakosewa pande zote mbili, kwa sababu serikali inadanganywa na nikahi inabaki. Anayetoka pale sebuleni ametoka na haki zote za ndoa juu ya shingo yake. Mwanamke haolewi na mwengine. Bwana akifa, mke anakaa eda ya miezi minne na siku kumi hata kama hawajawahi kulala nyumba moja, na anarithi. Katika hili tunayo kadhia ya Barwa' bint Washiq, aliyefiwa na mume kabla hajaingiliwa na kabla hajatajiwa mahari. Ibn Masud (R.A.) alipoulizwa kadhia kama hiyo alihukumu apewe mahari ya mfano wake, akae eda na arithi, kisha Maaqil bin Sinan akashuhudia kwamba hivyo ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyomhukumia Barwa'. Basi wale waliooana kwa makaratasi wajue kwamba mmoja wao akifa leo, kuna mtu ana fungu katika mirathi yake, na warithi wengine hawana habari.

Kama aqdi yenyewe ilitajwa muda, kwa mfano walii akasema nimekuozesha kwa miaka mitano, au mpaka upate makaratasi, hiyo ni muta na ni batili, kwa Shafi na kwa maimamu wenzake watatu. Na kama ndani ya aqdi mke aliweka sharti la kutoingiliwa, mafakihi wetu wa Kishafii wamesema sharti hilo likitoka upande wake linaivunja nikahi, kwa kuwa linapingana na kusudio lake. Lakini makubaliano yaliyofanyika kwenye simu wiki mbili kabla, yasitajwe wakati wa kuozesha, hayaiharibu aqdi kwa msingi wa madhehebu yetu. Kinachoangaliwa ni kilichotamkwa pale. Kwa hiyo muulizaji wa mas-ala haya lazima aulizwe: yalisemwa wapi, na lini? Mufti asiyeuliza hilo hajajibu.

Nia zinatafautiana

Hadithi ya nia, ambayo kila mtoto wa chuoni ameihifadhi, inamtaja mtu anayehama kwa ajili ya mwanamke atakayemuoa, kwamba hijra yake ni ya kile alichokihamia. (Kisa cha mtu aliyeitwa Muhajir wa Ummu Qays kimepokewa, ingawa wahakiki kama Ibn Hajar hawakuona ushahidi kwamba ndicho sababu ya hadithi.) Siku hizi mambo yamepinduka: mtu anaoa ili apate kuhama. Basi je, kila anayeoa akiwa na tamaa ya makaratasi ametenda haramu?

Hapana. Mtume (S.A.W.) ametaja kwamba mwanamke huolewa kwa mali yake, nasaba yake, uzuri wake na dini yake, na akausia ichaguliwe dini. Hakusema kwamba aliyevutiwa na mali nikahi yake imebatilika. Kijana wa Michenzani aliyemposa binti wa watu aliyeko London, akamtaka kwa ndoa ya kweli, na moyoni anafurahi kwamba atakwenda kuishi huko, hana dhambi. Ukaazi ni tunda la ndoa yake. Ni sawa na aliyeoa kwa wenye mashamba.

Wa pili ni yule anayeoa kwa aqdi iliyokamilika, anaishi na mkewe kama mume na mke, lakini ameficha nia kwamba siku pasipoti itakapotoka na yeye atatoka. Imam Nawawi katika sharhi yake ya Sahihi Muslim amenukuu kutoka kwa Kadhi Iyadh kwamba nikahi ya namna hii inasihi na wala si muta, isipokuwa al-Awzai ameiita muta, na Imam Malik amesema kwamba haimo katika tabia njema za watu. Wanazuoni wa zama zetu wamekhitilafiana: Sheikh Ibn Baz alitoa fatwa ya kusihi, na Sheikh Ibn Uthaymin akaiharimisha kwa sababu ya khadaa iliyomo. Mimi naona kusihi kwa aqdi ni jambo moja na kusalimika kwa mtu na dhambi ni jambo jengine. Nikahi inasihi, watoto ni wake, mirathi ipo. Na amemghushi mwanamke ambaye, lau angejua, asingekubali.

Tunayaona haya mwambao wote wa mashariki wa Unguja, kuanzia Nungwi hadi Paje na Jambiani. Kijana, tuseme papasi, anamkuta mgeni aliyemzidi miaka ishirini. Umri si tatizo, Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mkubwa kuliko Mtume (S.A.W.). Mgeni anatamkishwa shahada asubuhi, anaozeshwa alasiri, na baada ya miaka mitano ameachwa kwenye nyumba yake huko Ulaya na mtu aliyekuwa ndiye kila kitu anachokijua katika Uislamu. Baadhi ya wanawake hawa wamebaki katika dini na wameishika kuliko waliowasilimisha. Wengine wameondoka. Wa kuulizwa juu ya hao ni nani?

Wa tatu ndiye wa swali letu: wote wawili wanajua, wamekubaliana, pesa zimepita. Hapa hakuna aliyemghushi mwenzake, lakini kuna uongo mbele ya mamlaka, kuna mashahidi walioshuhudia wanalolijua si kweli, na kuna ahadi iliyovunjwa. Mafakihi wa zamani waliandika kwamba Muislamu akiingia nchi ya wengine kwa amani waliyompa, si halali kwake kuwahini katika nafsi zao wala mali zao. Viza ni amani ya zama hizi, na fomu anayoijaza mtu na kuitia saini ni tamko lake. Amri ya kutimiza ahadi katika Suratul-Israa, aya ya 34, haikubagua aliyeahidiwa ni nani. Na malipo yanayochukuliwa kwa kazi hii si mahari, ni bei ya uongo.

Na yuko wa nne, mbaya kuliko wote, ambaye watu humsahau: mwanamke wa Kiislamu anayejiandikisha na mwanamme asiye Muislamu "kwa makaratasi tu". Hapo hakuna nikahi kabisa kwa ijmai ya wanazuoni, na kila kitakachotokea baina yao ni haramu tupu. Akisema hakuna kitu baina yao, basi bado ameandika kwa mkono wake kwamba huyu ni mume wake.

Nchi zinasemaje

Watu huingia katika mambo haya kwa kusikia kijiweni, na mengi yanayosemwa kijiweni ni ya zamani. Nitataja ninayoyajua, na mwenye haja aende kwa wakili aliyeruhusiwa kufanya kazi hiyo, kwa kuwa kanuni za uhamiaji hubadilika kila mara.

Tuanze nyumbani. Kwa Katiba ya Jamhuri ya Muungano, uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, lakini ndoa si jambo la Muungano. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya Tanzania Bara, na huku Zanzibar ndoa za Waislamu ziko chini ya Mahakama za Kadhi. Kwa hiyo mgeni anayemuoa Mzanzibari anaozeshwa kwa utaratibu wa Zanzibar na anaomba uraia kwa sheria ya Muungano, yaani Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Sheria hiyo inamfungulia mlango mke: mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia wa Tanzania ana haki ya kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamme wa kigeni aliyemuoa Mtanzania hakupewa mlango huo. Anaweza kupewa kibali cha kukaa, lakini uraia atauomba kama mgeni mwengine yeyote, na miongoni mwa masharti yake ni kuwa ameishi nchini kwa jumla ya miaka saba ndani ya miaka kumi, na kisha miezi kumi na mbili mfululizo kabla ya kuomba. Wako mabinti zetu walioolewa na Waislamu wema kutoka nje, wana watoto wanne, na mume kila baada ya muda yuko Uhamiaji kuhuisha kibali. Wanalalamika, na mimi naona lalamiko lao lina haki. Sharia haikuweka tafauti hiyo, ni watunga sheria walioiweka.

Si Tanzania peke yake iliyopita njia hii. Uingereza yenyewe, mpaka tarehe 1 Januari 1983, ilimpa mke wa kigeni wa Muingereza haki ya kuandikishwa kuwa raia, na mume wa kigeni ikamnyima. Na kabla ya mwaka 1949 Muingereza mwanamke aliyeolewa na mgeni alipoteza uraia wake mwenyewe. Kenya imelimaliza jambo hili katika Katiba yake ya mwaka 2010: aliyeoana na raia kwa miaka isiyopungua saba, awe mume au mke, ana haki ya kuandikishwa kwa maombi yake, na uraia haupotei kwa kuoana wala kwa kuachana.

Uingereza ya leo haitoi uraia kwa cheti cha ndoa. Mwenza wa raia huingia kwa viza ya ndoa, na kwa waombaji wapya kuanzia tarehe 11 Aprili 2024 kipato kinachohitajika ni paundi 29,000 kwa mwaka, kutoka paundi 18,600 zilizokuwepo tangu mwaka 2012. Kuna mtihani wa Kiingereza. Viza huongezwa katikati, na baada ya miaka mitano huombwa ukaazi wa kudumu, na mtihani wa maisha ya Uingereza uko hapo. Akishapata ukaazi wa kudumu, na amekaa nchini miaka mitatu, mwenza wa raia anaweza kuomba uraia. Hiyo miaka yote wanaulizwa: mnaishi wapi, bili ziko kwa jina la nani. Tangu mwezi Machi 2015, mwenye kutaka kufunga ndoa ya serikali huko hutoa taarifa siku 28 kabla, na wakitiliwa shaka kwamba ndoa ni ya uongo muda huo huongezwa hadi siku 70 ili wachunguzwe.

Marekani nao, tangu sheria yao ya mwaka 1986, mwenza ambaye ndoa yake haijatimiza miaka miwili hupewa ukaazi wa sharti wa miaka miwili tu, na kabla haujaisha mume na mke wanatakiwa waombe pamoja sharti liondolewe. Uraia huombwa baada ya miaka mitatu badala ya mitano. Ndoa ya uongo ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka mitano na faini ya hadi dola 250,000, na aliyeshika njia hiyo hufungiwa mlango wa kuombewa ukaazi na jamaa yeyote baadae, hata akija kuoa kwa kweli.

Kwa ndugu wa Ghuba, kanuni ni ngumu zaidi na uraia kwa ndoa ni nadra. Oman kwa miaka mingi ilimtaka raia apate kibali kabla ya kuoana na mgeni, na wengi wa jamaa zetu wanakijua kibali kile. Amri ya Sultani ya mwaka 2023 imeliondoa sharti hilo kwa walio wengi.

Jambo la kukumbuka kwa Mtanzania: mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyengine kwa khiyari yake hupoteza wa Tanzania. Hapo huulizwa sana kuhusu mirathi. Kisharia, Muislamu anamrithi Muislamu popote alipo, na pasipoti haimo katika vizuizi vya mirathi. Na kama kuchukua uraia wa nchi isiyo ya Kiislamu kunajuzu, wanazuoni wamekhitilafiana tangu siku za ukoloni. Tunisia ya miaka ya 1930 watu walifika kukataza waliochukua uraia wa Kifaransa wasizikwe makaburi ya Waislamu. Wengi wa wanazuoni wa leo wanaruhusu kwa anayeweza kudhihirisha dini yake na kulea watoto wake juu yake, na hilo la watoto ndilo la kupimwa.

Nikahi bila ya cheti

Kinyume cha ndoa ya makaratasi ni ndoa isiyo na makaratasi, na hii inawaumiza wanawake zaidi. Bwana na bibi wameoana kwa kweli, katika msikiti au nyumbani London, khutba imesomwa, pilau imeliwa, na hawakujiandikisha. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba sherehe ya nikahi iliyofungwa London mwaka 1998 bila ya kufuata taratibu za usajili si ndoa kabisa kwa sheria yao, hata si ndoa batili. Maana yake, mke aliyeishi na mumewe miaka kumi na nane na kumzalia watoto wanne akaonekana kwamba kisheria hakuolewa siku hiyo. Nikahi iliyofungwa Zanzibar kwa utaratibu wa Zanzibar na kusajiliwa ni jambo jengine, hiyo hutambuliwa huko.

Kwa hiyo nawaambia mawalii: binti akiolewa na mtu wa nje, au akiolewa hapa kwa ajili ya kusafiri, cheti kisicheleweshwe. Nenda kwa sheha, pata barua, andikisha katika Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Anayekataa cheti mwulize kwa nini. Mara nyingi ana mke mwengine huko aliyeandikwa, na wewe binti yako atakaa huko hana jina. Mke wa pili kisharia ni mke kamili. Uhamiaji wa Uingereza haumruhusu kuingia kama mke maadamu wa kwanza yupo huko, na bora ajue hilo kabla ya siku ya harusi kuliko kulijua uwanja wa ndege.

Talaka ya makaratasi, na talaka inayofichwa

Wapo wanaomwacha mke wa Unguja "kwa makaratasi" ili waoe raia. Anakwenda kwa kadhi, anatamka talaka, anachukua hati, kisha anamwambia mkewe: usijali, mimi na wewe tuko vile vile. Hamko vile vile. Hadithi tuliyoitaja imeitia talaka pamoja na nikahi. Neno la wazi la talaka halihitaji nia. Talaka imeingia, na kama ni moja au mbili anaweza kumrejea ndani ya eda kwa tamko, na eda ikipita basi ni aqdi mpya na mahari mpya na ridhaa yake. Nimekutana na watu waliozaa watoto baada ya talaka kama hii bila ya kurejeana. Ama anayejaza fomu kwamba hana mke, amesema uongo, lakini huo peke yake si talaka kama hakuukusudia.

Kwa upande wa pili wapo walioachana kweli na hawasemi. Mke yuko kwenye viza ya mume, zimebaki miezi minane apate ukaazi wa kudumu, talaka imeshatamkwa kwenye simu, eda imeshapita, na wanaishi nyumba moja mpaka makaratasi yatoke. Wengine hulala chumba kimoja kwa sababu nyumba ina chumba kimoja. Huyu kwake ni mwanamme wa kando. Kama wanaweza kurejeana kwa aqdi mpya na kuishi kwa wema, wafanye hivyo. Kama hawawezi, watengane, na riziki iko kwa Allah.

Na mwanamke anayepigwa au kutishwa kwamba "nitakurudisha kwenu" asidhani kwamba hana mlango. Sheria ya Uingereza inamruhusu aliyekuja kwa viza ya ndoa, ndoa ikavunjika kwa unyanyasaji, aombe ukaazi wa kudumu kwa nafsi yake. Marekani tangu mwaka 1994 wanayo njia ya mwathirika kujiombea bila ya saini ya mume. Mume anayemshika mke kwa pasipoti ili amdhuru anaingia katika makatazo ya Suratul-Baqara, aya ya 231, ya kuwashikilia wanawake kwa madhara.

Turudi kwa dada yetu

Je, ile talaka ya mahakama ya Uingereza imemtoa katika nikahi? Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, lililoundwa London mwaka 1997, limeona kwamba aliyefunga ndoa chini ya sheria za nchi ile ameridhia kwa hali yake kwamba jaji aivunje, kwa hiyo talaka hiyo inapita. Wengine hawakukubali. Katika madhehebu yetu, talaka ya maandishi ni kinaya, inahitaji nia ya mume, na huyu bwana hakuandika kwamba ameacha, aliandika kwamba hapingi. Na tupu za wanawake ni katika mambo yanayochukuliwa kwa ihtiyati.

Basi afanye hivi. Ami yake ampigie simu yule bwana, pawepo watu wawili wa kusikia, aseme: nimemwacha fulani binti fulani talaka moja. Ni neno la nusu dakika. Iandikwe tarehe. Kwa kuwa hawakuingiliana, hana eda, kwa Suratul-Ahzab, aya ya 49, na anaweza kuolewa siku ya pili yake. Mahari iliyotajwa ana haki ya nusu, kwa Suratul-Baqara, aya ya 237, na akipenda amsamehe. Bwana akikataa, au akitaka pesa zaidi ili atamke, apeleke shauri kwa kadhi au baraza la sharia lililo karibu naye, wajaribu khului, na ikishindikana watazame sababu za kufasikhi.

Lau wangekuwa wamekwenda serikalini tu, bila ya ami na bila ya sebule, jawabu lingekuwa jengine kwa Shafi, kwa kuwa hakuna nikahi bila ya walii. Lakini Mahanafi wanasihisha mwanamke mzima kujiozesha mbele ya mashahidi wawili Waislamu, kwa hiyo hata hapo ningemwambia atafute talaka kwanza ili atoke katika khilafu.

Mama yake asiendelee kusema ilikuwa makaratasi. Mposaji aambiwe kweli kabla, na harusi isogezwe kama haijapatikana talaka. Ami na wale mashahidi wawili walitoa ushahidi wakijua siri iliyofichwa, nao watubie. Dada atubie kwa uongo, na pesa alizozipokea, zaidi ya mahari, azitoe katika maslaha ya Waislamu bila ya kunuia thawabu ya sadaka. Yule bwana, kazi anayofanya huko ikiwa ya halali, mshahara wake ni halali. Dhambi iko katika njia aliyoingilia, na kuhusu hali yake mbele ya serikali ya huko atafute wakili.

Wallahu a'alam.